Je, Achaguaye Klabu Ndogo Ni Mwoga?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili niseme neno juu ya jambo lililotuchemsha sana muhula huu, mabwenini na hata katika barua za ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule. Jambo lenyewe ni la aliyekuwa kepteni wetu wa mpira. Alipomaliza Kidato cha Sita aliitwa na klabu mbili. Moja ni ya Kampala, ichezayo katika daraja la pili, yaani FUFA Big League. Nyingine ni ya mji wetu huu mdogo, ichezayo katika ligi ya mkoa, daraja moja chini. Yeye akachagua hiyo ya chini. Watu wakashika vichwa! Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja wa zamani aliandika kwamba kijana huyo ametuaibisha sote, na juma lililofuata mtu asiyejulikana aliandika kwa chaki katika mlango wa bweni letu maneno mawili: "Kunguru mwoga."

Mimi ni mdogo sana kwa huyo ndugu aliyeandika, wala sina nia ya kumvunjia heshima. Lakini nilicheza na kepteni huyo miaka miwili, yeye katikati na mimi beki wa kushoto, na mwisho wa mwaka huu, Mungu akipenda, nami nitakuwa na uamuzi kama wake mbele yangu. Kwa hiyo kwangu jambo hili si porojo ya baada ya chakula cha jioni. Wakati wa likizo nilikwenda kumwuliza mwenyewe sababu zake, nikawauliza na wengine wachezao katika ligi hizi za chini, ambao baadhi yao walisoma hapa. Mengi nitakayosema nimeyapata kwao.

Wanaomlaumu hudhani kwamba mpira ni ngazi, na kwamba mtu mwenye akili kazi yake ni kupanda tu. Akiitwa juu apande; asipopanda, ni mwoga au mjinga. Labda ni hivyo kwa wale wakubwa tunaowatazama katika televisheni siku ya Jumamosi. Wale wana mkataba, wana daktari, na mshahara wao huja kwa tarehe yake. Lakini mchezaji wa daraja la chini yu katika dunia nyingine. Wengi niliowauliza hawana mshahara wa mpira hata kidogo. Hupewa posho siku ya mchezo, na timu ikishindwa posho huweza kupungua au kupotea. Viatu hununua wenyewe. Nauli ya kwenda mazoezini hutoa wenyewe. Mtu wa namna hiyo hachagui klabu kwa kutazama jina lake katika msimamo wa ligi. Hujiuliza maswali manne, na mimi nitayataja moja moja.

Swali la kwanza ni hili: Je, nitachezeshwa? Kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini asiyecheza ni sawa na panga lililowekwa darini. Hata kama lilikuwa kali, kutu italila. Kepteni wetu aliniambia kwamba alipokwenda Kampala kujaribiwa alikuta watu watatu katika nafasi yake, wote wakubwa kwake, na mwalimu wa timu akamwambia waziwazi kwamba mwaka wa kwanza atakuwa wa kungoja. Mwalimu yule alikuwa mtu mkweli, nami namsifu. Lakini kungoja benchi mwaka mzima, huku ukilipa kodi ya chumba, si jambo dogo.

Tena hapana aibu katika kushuka ili upate kucheza. Chukueni mfano wa Andrew Robertson wa Scotland. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano klabu ya Celtic ilimwacha kwa kuwa alionekana mdogo wa mwili. Akaenda Queen's Park ya Glasgow, klabu iliyoanzishwa mwaka 1867, ambayo desturi yake wakati huo ilikuwa kutowalipa wachezaji wake hata senti. Desturi hiyo iliachwa baada ya kura ya wanachama mwaka 2019. Katika msimu wa 2012-13 Robertson alicheza hapo, katika daraja la chini kabisa la ligi ya Scotland, na ili apate riziki akawa akijibu simu za wanunuzi wa tikiti katika uwanja wa Hampden. Mwaka 2013 akachukuliwa na Dundee United, mwaka 2014 Hull City, mwaka 2017 Liverpool, na mwaka 2019 akashika kombe la mabingwa wa Ulaya. Sisemi kwamba kila achezaye bure atafika Liverpool. Wengi hawafiki popote. Nasema tu kwamba huyu alikwenda mahali alipopata mchezo kila juma, na waliomtafuta walimwona akicheza, hawakumwona amekaa.

Swali la pili: Nitakula nini? Hapa ndipo watu wengi wasipoelewa, maana wao hulinganisha fedha ya kutia sahihi peke yake. Klabu hii yatoa kiasi hiki, ile yatoa zaidi. Basi nenda kwenye zaidi. Lakini fedha ya kutia sahihi huja mara moja, na tumbo huja kila siku. Kepteni wetu amepewa kazi ya ukarani wa ghala katika kinu cha mahindi cha mmoja wa wazee wa klabu. Huanza asubuhi mapema na saa kumi jioni huachwa aende mazoezini. Mshahara wake si mkubwa, lakini huja kila mwisho wa mwezi, timu ishinde au ishindwe, goti liwe zima au liume. Kwa hesabu aliyonionyesha, miezi mitano ya mshahara huo yapita fedha yote aliyoahidiwa Kampala.

Wala hili si jambo jipya katika nchi yetu. Nani asiyeijua KCCA, iliyokuwa ikiitwa KCC? Klabu hiyo kubwa ilianzishwa mwaka 1963 na Bwana Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha maji machafu katika Halmashauri ya Jiji la Kampala, na wachezaji wake wa kwanza wengi walikuwa vibarua wa kitengo hicho hicho. Watu wa mitaro ndio walioanzisha timu ambayo leo ina makombe mengi! Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968 bingwa wake wa kwanza alikuwa Prisons, timu ya Magereza. Coffee ilikuwa timu ya watu wa kahawa. Simba ilikuwa ya jeshi, nayo mwaka 1972 ilifika mchezo wa mwisho wa kombe la klabu bingwa za Afrika, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Hata leo Polisi wana timu, Magereza wana Maroons, jeshi lina UPDF, na watoza kodi wana URA. Kijana aliyejiunga na timu za namna hiyo alitazama mpira, lakini alitazama na kazi pia, na yale yatakayompata akizeeka miguu. Je, babu zetu hao walikuwa waoga? La hasha. Walijua kwamba mpira ni wa miaka kumi, na maisha ni marefu zaidi.

Hata Uingereza wamefanya hivyo. Stuart Pearce alikuwa fundi umeme huku akiichezea Wealdstone, klabu isiyokuwa katika ligi kuu zao, mpaka mwaka 1983 Coventry City ilipomnunua kwa paundi 25,000. Alipofika Nottingham Forest mwaka 1985 hakuamini bado kwamba mpira utamlisha, akatangaza kazi yake ya umeme katika kijitabu kiuzwacho uwanjani siku ya mchezo. Mtu huyo baadaye aliichezea Uingereza mara 78. Ufundi wake wa umeme haukumzuia kucheza. Labda ulimpa moyo wa kucheza bila hofu ya njaa.

Swali la tatu ni la njia: Klabu iko wapi, na mimi nakaa wapi? Kutoka hapa mpaka Kampala ni zaidi ya kilometa 200. Mchezaji atokaye huku lazima akapange chumba, anunue godoro, apike au anunue chakula, alipe bodaboda kwenda mazoezini siku nne au tano kwa juma. Posho yote yaweza kuishia barabarani. Nilimwona mmoja aliyepiga hesabu hiyo nyuma ya daftari lake la zamani la Fizikia, na mwisho wa hesabu alijikuta yeye ndiye ailipaye klabu. Tena kuna jambo lisiloandikwa katika hesabu. Kepteni wetu ni mtoto wa kwanza, baba yake alifariki tulipokuwa Kidato cha Tano, na nyuma yake wako wadogo wawili wanaosoma. Kila jioni akitoka mazoezini hupita nyumbani kwao, akatazama kama ng'ombe wamefungwa na kama wadogo wameshika vitabu. Mama yake aliniambia, "Mwanangu, mimi mpira siujui. Najua tu kwamba taa ikiwaka huyu yupo." Sasa ndugu zangu, ni nani kati yetu atakayesimama mbele ya mama huyo na kumwambia kwamba mwanawe ametuaibisha?

Swali la nne: Ni nani walioko pale? Maana yake, ni nani atakayesimama nami siku nitakapoumia? Hapa nitasimulia habari ya mwingine, aliyemaliza miaka mitatu iliyopita. Yeye alikwenda kwenye klabu kubwa kuliko zote zilizomwita, nasi tukampigia makofi. Aliahidiwa fedha, akapewa nusu, akaambiwa nusu nyingine itafuata. Alicheza michezo minne. Katika mchezo wa tano goti likageuka. Kwa majuma mawili simu zake zilipokelewa, kisha hazikupokelewa tena. Alirudi kwa basi la usiku, mguu ameunyoosha katikati ya njia, na abiria wakiuruka. Sitaitaja klabu hiyo, kwa kuwa sikuandika ili kuchongea mtu. Lakini nitataja hili: waliochanga fedha za kumpeleka hospitali ni timu ile ile ndogo ya mji wetu, ambayo yeye aliikataa. Kepteni wetu alikuwa miongoni mwa waliopita na kofia kuchanga siku hiyo, naye bado mwanafunzi. Alipofika wakati wake wa kuchagua, mwafikiri alikuwa amesahau?

Basi hayo ndiyo maswali manne: kucheza, kula, njia na watu. Fedha ya kutia sahihi ndiyo ipigayo kelele nyingi kuliko yote, lakini kwa wengi niliozungumza nao ilikuwa ya mwisho, na wale walioitanguliza ndio waliokuwa na majuto.

Sasa tujitazame wenyewe, maana ni rahisi kuona kibanzi katika jicho la mwingine. Nusu ya timu yetu ya kwanza hatukuzaliwa katika wilaya hii. Tulifikaje hapa? Tulifika kwa kuwa shule ilitupunguzia ada ili tuichezee. Mimi mwenyewe natoka wilaya ya tatu kutoka hapa. Mwalimu wa michezo aliniona katika mashindano ya shule, akaja nyumbani kwetu, akaongea na baba, na ada yangu ikawa nusu. Shule yenye jina kubwa zaidi ilinitaka pia, lakini haikupunguza kitu, nayo ilikuwa na mabeki wa kushoto wawili. Nikaja hapa. Nilijiuliza kama nitacheza, nani atanilipia, mbali gani na kwetu, na nani atanitunza. Maswali ni yale yale manne! Hapana mtu aliyeniita kunguru wala msaliti. Kinyume chake, nilipewa jezi nikashangiliwa. Ikiwa nilikuwa na akili nilipokuja kwenu, kwa nini mwenzangu awe mwoga anapokwenda kwa wengine kwa sababu zile zile?

Najua yatakayosemwa. Watasema: wote wakikaa vijijini, nani ataichezea Uganda Cranes? Swali hilo ni zuri, nami silikimbii. Ni kweli kwamba wako wachaguao klabu ndogo kwa uvivu. Hupenda kuwa jogoo wa uani, wafunge magoli kwa mabeki wazee, wasifiwe sokoni, na mazoezini wafike wakitaka. Hao wana kosa, na mtu akiwaita waoga sitawatetea. Lakini utawatambuaje? Usitazame ukubwa wa klabu. Tazama kama mtu amechagua mahali pa kufanya kazi zaidi au mahali pa kupumzika. Kepteni wetu hukimbia barabara ya reli saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda ghalani. Na jambo moja ambalo wanaomlaumu hawakuuliza: ametia sahihi kwa msimu mmoja tu. Amesema, "Nicheze mwaka mmoja kila mchezo, kisha Kampala wakinitaka, waje wanikute nina mwili na nina kazi. Hapo tutazungumza kama watu wawili." Hayo si maneno ya mtu aliyeogopa ngazi. Ni ya mtu aliyeishika kwanza aone kama imesimama imara.

Wengine watasema: na jina la shule je? Nami najibu kwamba jina la shule halikai katika daraja la ligi. Likikaa mahali, basi hukaa katika jinsi mtu wetu anavyotimiza neno lake. Nafurahi zaidi kusikia mjini kwamba karani wa ghala hakuiba hata debe moja na Jumapili akafunga goli, kuliko kusikia kwamba tuna mtu Kampala ambaye hapana aliyemwona akicheza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Ninyi wanafunzi wenzangu mtakaoitwa na klabu, ulizeni maswali manne kabla ya kuuliza la fedha, na lolote mtakaloahidiwa liandikwe, msomewe mbele ya mzazi au mwalimu kabla ya kutia sahihi. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa wengi hulisahau. Ninyi ndugu zetu wa zamani mlio na maduka, karakana na ofisi, msitupe lawama tu. Tupeni na kazi. Nafasi moja ya kazi kwa mchezaji itajenga mpira wa huku kwetu kuliko barua kumi za kukaripia. Nanyi mnaoongoza klabu, kubwa kwa ndogo, semeni kweli kama yule mwalimu wa Kampala alivyosema. Kijana akiambiwa mapema kwamba atangoja, aweza kungoja kwa moyo mweupe. Akidanganywa, hata akicheza atacheza na kinyongo.

Nami je? Ile klabu ya Kampala imeniambia nikajaribiwe baada ya mtihani, nami nitakwenda. Sijaamua kubaki, wala sijaamua kuhama. Nitakwenda na maswali yangu manne katika karatasi. Wakinijibu vizuri, nitapanda basi nikiimba. Wakibabaika, nitarudi huku nikacheze pembeni ya kepteni wangu, na ndugu yetu aliyeandika katika toleo lililopita atakuwa na mtu wa pili wa kumwandikia.

Namalizia kwa habari ya ule mlango wa bweni. Aliyeandika aliijua nusu tu ya methali. Kwa hiyo usiku nilichukua chaki nikaijazia: "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Asubuhi mwalimu wa zamu aliona mwandiko wangu, akanipa ndoo na tambara, nikauosha mlango wote, maneno yake na yangu. Sikulalamika. Nilijua kwamba naweza kuyaandika hapa, mahali pasipooshwa kwa tambara.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita